Alifuta Sauti ya Mwanangu, Akaihifadhi Siri ya Mjane Wake

Mwenye kosa ni Leoni.

Naanza na jina lake kwa sababu katika kazi yangu nilifundishwa kwamba barua isiyosema inamhusu nani hurudishwa ilikotoka. Leoni ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tulinyonya titi moja, tulilala juu ya mkeka mmoja, na marehemu mama yetu alipokuwa akikata roho aliushika mkono wake na kuutia ndani ya wangu. Nyuma ya Leoni yuko mwenye boti, na nyuma ya mwenye boti yuko avoka wake, yaani wakili. Lakini hao wawili walikuwa wapinzani wangu mbele ya sheria, na mpinzani hakuniapia upendo wowote. Leoni alikula mezani pangu!

Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mgane, mstaafu wa Serikali, mkaaji wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa. Nilihudumu katika biro, yaani ofisi, ya kumbukumbu ya utawala, hata nikawa mkuu wake, na mpaka leo mtaani huniita Papa Shefu. Majina ya watu katika mkasa huu nimeyabadili. Sikufanya hivyo kwa kumwonea Leoni haya. Nimefanya kwa ajili ya mwanamke mmoja na mtoto wake, ambao wamekwisha kuvuliwa nguo hadharani vya kutosha. Wahusika wengine watajitambua bila kuelekezwa.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Ngoy. Alifanya kazi ya konvwayeri katika boti ya mbao yenye motere inayokwenda Moba na kurudi. Konvwayeri ndiye anayepokea mizigo na abiria, anayepanga nani akae wapi, na ndiye anayepaswa kutamka, "Basi, boti imejaa." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomponza mwanangu...

Siku ile boti ilitoka Moba imelemewa na magunia ya mahindi, samaki wakavu, mbuzi, akina mama na watoto wao. Upepo uliamka wakiwa katikati ya safari. Wachache waliokoka kwa kushikilia bido tupu, yale madumu ya mafuta. Ngoy hakuwa miongoni mwao. Tulimpata baada ya ziwa kumchoka, tukamzika, na mimi niliyezoea kuandika vyeti vya vifo vya watu nilishindwa hata kushika kalamu kwa ajili ya cheti cha mwanangu.

Nilidhani huo ndio mwisho wa maumivu. Kumbe ulikuwa mlango tu!

Wachunguzi walipokuja, mwenye boti aliwaambia kwamba yeye siku hiyo alikuwa Kalemie na hakujua lolote. Konvwayeri, alisema, ndiye aliyejaza mizigo kwa tamaa yake mwenyewe ili apate chochote kutoka kwa wafanyabiashara. Nani angembishia? Nahodha alikwisha kufa. Ngoy alikwisha kufa. Ripoti ikaandikwa, na katika ripoti hiyo jina la mwanangu likawekwa mahali pa mwenye kusababisha vifo vya watu wote wale.

Mnaelewa maana yake katika mji wetu? Sikupoteza mtoto tu. Niligeuzwa kuwa baba wa muuaji!

Siku moja nilikwenda ufukweni kununua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mama muuzaji, ambaye binti yake alizama katika safari ile, alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akafunika beseni lake kwa kitenge.

"Ndagala ya mimi haiuzwe kwa wewe, Papa Shefu," alisema, na wenzake wote wakanyamaza kumsikiliza. "Mutoto wako alijaza boti, njo akajaza na makaburi. Nenda umuulize yeye akupe mboga."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Angalau yeye alikuwa na mtu wa kumlaumu...

Sasa nieleze jinsi simu ilivyoingia katika mkasa huu.

Katika ukoo wetu, mjane akiwa matangani hukaa chini, hasalimii watu kwa mkono, wala hapokei simu. Zamani palikuwapo mtu wa upande wa mume aliyesimama mlangoni kupokea pole kwa niaba yake. Siku hizi pole nyingi huja kwa simu, basi mtu huyo hupewa simu ya mjane na kuijibu mpaka matanga yavunjwe. Ni desturi nzuri kwa nia yake. Humpumzisha mwenye majonzi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mlango wa nyumba una chumba kimoja nyuma yake, lakini simu ina vyumba vyote, hata cha kulala.

Ilikuwa juu yangu, mkubwa wa ukoo, kumteua mtu. Nilimteua Leoni. Ningemteua nani mwingine? Ndiye msemaji wa familia, kiongozi wa kwaya kanisani, mtu mwenye sauti laini na leso safi mfukoni. Mkwe wangu, Mama Mado, mjane wa Ngoy, alimkabidhi simu yake kwa mikono miwili na kumwambia, "Aksanti, Papa Mudogo." Naye Leoni akaipokea na kuijibu vizuri sana, kwa machozi na kwa Maandiko. Tulimsifu!

Matanga yalipovunjwa, simu ilirudi kwa mwenyewe. Ndipo jioni moja Mama Mado alikuja sebuleni akapiga magoti mbele yangu, Leoni naye akiwapo. Alisema kwamba alikuwa hajapata nguvu ya kuisikia tena sauti ya mumewe, lakini sasa tunapaswa kusikia. Simu ya Ngoy ilizama pamoja naye. Hata hivyo, kabla boti haijang'oa nanga kule Moba, Ngoy alimpelekea mkewe sauti mbili za kurekodiwa.

Ya kwanza haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwenye boti, ambayo Ngoy aliipokea na kuipitisha kwa mkewe jinsi ilivyo: "We konvwayeri, unataka kunifundisha kazi? Pakia mahindi yote ya ule mama. Ukiacha hata gunia moja kwa inchi kavu, usirudiye tena kwangu!"

Ya pili ilikuwa ya mwanangu. Alikuwa akihema, na nyuma yake nilisikia mbuzi na kelele za wapakiaji: "Mama Mado, umesikia vile patroni anasema? Nimemwambia maji iko karibu kuingia, anakataa. Nikishuka, ataweka mutu mwingine mwenye hajui hata kuhesabia watu. Afazali nikuwe ndani. Mutuombee tu."

Afazali nikuwe ndani...

Nililia, ndugu wasomaji, nikalia kama mtoto. Lakini ndani ya kilio kile mlikuwa na furaha! Mwanangu hakuua mtu. Mwanangu alibaki ndani ya boti kwa ajili ya watu. Na uthibitisho ulikuwapo, ukisema kwa sauti ya mwenye kosa mwenyewe!

Kesho yake jirani alinishauri tunakili sauti zile katika simu nyingine. Nilikataa. Niliishi miaka mingi kati ya makabrasha, na kwetu nakala isiyo na muhuri si kitu. Asili ndiyo inayosema kweli. Nakala ya mkono wa mtu asiyejulikana huleta maswali. Nilisema simu ibaki ilivyo, bila kuguswa, mpaka jaji aisikilize mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Je, nilijua kwamba karatasi haiwezi kuyeyuka kwa kubofya kidole, lakini sauti huyeyuka?

Nilimshitaki mwenye boti. Sikudai kitu cha mfukoni mwake. Nilidai jambo moja tu: tribinali, yaani mahakama, itamke kwamba Ngoy hakuijaza boti ile kwa hiari yake.

Katika kikao cha kwanza jaji alituonya pande zote mbili. Alisema kwamba tangu siku ile, simu yoyote yenye maneno yanayohusu safari ile ni ushahidi. Asiwepo wa kufuta, wala wa kuficha, wala wa kupoteza. Mwenye boti akasimama haraka na kusema kwamba simu yake, kwa bahati mbaya, ilimwangukia majini wakati wa kutafuta maiti.

Jaji akavua miwani. "Ziwa letu limeanza kula simu kuliko vile linakula nyavu," alisema. "Na ya mjane, nayo imeanguka?"

Watu wakacheka. Nami nikasema, kwa majivuno ya mtu mwenye haki, "Hapana, mheshimiwa. Ya mjane ipo, na itafika hapa kamili." Nilimwona Leoni akitikisa kichwa kukubali, lakini Mama Mado aliinama, akavuta kitenge chake mabegani kama mtu aliyepigwa na baridi.

Tulipofika nyumbani aliniuliza, bila kunitazama, kama ni lazima jaji asikilize maongezi yote aliyofanya na mumewe. Alisema zile sauti mbili zinatosha.

Nilimjibu kwamba avoka wa mwenye boti angesema tumekata mwanzo na mwisho ili kuficha ukweli. Akasema, "Papa, kuko maneno ingine mule. Ya mimi na bwana yangu. Haina kazi na boti."

"Yote, Mama Mado," nilisema. "Sheria haichagui."

"Papa... hata ya ndani?"

"Yote."

Mama Mado alikuwa na haki ya kuogopa. Ndani ya maongezi yale, siku chache kabla ya ajali, mke na mume walikuwa wameongea juu ya jambo lao, jambo zito la nyumba na la mwili. Ngoy alilijua zamani, alilisamehe, na alikufa akilitunza. Magazeti hupenda kuchapisha mambo ya namna hiyo, na najua mngependa kulijua. Sitaliandika! Linatosha mjue kwamba lilikuwa siri ambayo ndimi za ukoo zingeweza kuitumia kumwondoa mwanamke yule chini ya paa la marehemu mumewe. Wakati ule hata mimi sikuijua. Aliyeijua, nje ya wao wawili, alikuwa mtu mmoja tu: yule aliyeshika simu matangani na kufungua kila chumba.

Siku iliyotangulia kikao nilikwenda benki kufuatilia pensheni yangu. Niliporudi nilimkuta Leoni ameketi barazani, leso usoni, machozi yakimtiririka.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "tumekwisha. Mwanamke amefuta."

Sikuelewa. Akarudia. Alisema kwamba alikuja kusalimia, akamkuta Mama Mado na simu mkononi, na maongezi yote na marehemu yamefutwa, hakuna hata sauti moja iliyobaki. Nilimwita Mama Mado. Nilimwuliza kama ni kweli kwamba sauti hazipo. Akasema ni kweli. Nilimwuliza ni nani aliyefuta. Akamtazama Leoni, akatazama chini, akasema, "Ilikuwa mu mikono ya mimi, Papa."

Leoni akanivuta pembeni na kuninong'oneza: "Yaya, mwanamke hafute simu bure. Iko kitu anaficha. Labda ni mwanaume mwingine. Mimi sisemi, lakini we ni mutu muzima, fikiri mwenyewe."

Nami nikafikiri, ndugu wasomaji! Nikafikiri alivyotaka nifikiri!

Sikumpiga mkwe wangu wala sikumtukana. Nilimnyamazia. Aliweka bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mezani, nikala bila kusema aksanti. Aliniamkia asubuhi, nikaitika kwa koo. Mjukuu wangu Mado aliuliza kwa nini Babu hamsemeshi Mama, nikamwambia akaoshe miguu. Ilikuwa namna hiyo wiki baada ya wiki, katika nyumba yenye watu watatu tu, kwa sababu kikao kiliahirishwa na tena kikaahirishwa. Na kila Jumapili Leoni alikuja, akaketi kati yetu, akatuombea.

Hatimaye kikao kikafika. Nilisimama na kumwarifu jaji kwamba sauti hazipo tena. Nilisema kweli kwa sababu sijawahi kusema uongo mbele ya bendera, ingawa mdomo wangu ulikuwa mchungu kama majani ya muarobaini. Avoka wa mwenye boti akatabasamu. Alisema kwamba anayefuta ushahidi hufuta ule unaomshitaki, na kwamba bila shaka familia ilizisikiliza sauti za konvwayeri na kukuta humo kosa lake. Nyuma yangu nilisikia minong'ono ya jamaa za waliozama. Yule mama muuza ndagala alikuwamo.

Kama avoka angeketi hapo, angeshinda na sisi tungekwenda na giza letu. Lakini alitaka kumaliza kabisa. Alimwita Mama Mado mbele na kumwuliza kama si kweli kwamba marehemu, siku zile, akili yake haikuwa kazini. Kama si kweli kwamba alikuwa amevurugika, kwa sababu ya... Na hapo, mbele ya watu wote, akalitaja lile jambo! Alilitaja kwa ukamilifu, kama mtu anayesoma.

Ukumbi ulilipuka. Mama Mado hakulia. Alisimama wima, akafungua kitenge kilichomfunika kichwa kana kwamba hakuna tena cha kufunika, na sauti yake ikafika mpaka nje.

"Sikieni," alisema. "Hiyo maneno ilikuwa mu simu tu. Sikuambia mama yangu, sikuambia padri. Bwana yangu alikufa nayo. Sasa huyu avoka ameitoa wapi?" Kisha akageuka na kunyoosha kidole. "Muulizeni Papa Mudogo! Njo yeye alishika simu yangu kwa matanga. Njo yeye alikuja siku Papa alienda benki, akaniambia, lete, nitoe hii moja tu, zile za boti zitabakia. Nikamupa. Akafuta yote mbele ya macho yangu! Akaniambia, ukisema ni mimi, mimi nitasema yako."

Kisha akanigeukia mimi. "Na we Papa ulikula chakula yangu kama chakula ya muchawi."

Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu kwa nguvu mpaka aliyekikalia akageuka.

Jaji alimwita Leoni. Mdogo wangu alipita katikati ya watu, akipangusa paji la uso, na akasema kwamba yeye ni mtu wa Mungu na alitaka tu kuilinda familia na aibu. Jaji akamwuliza, "Kama ulitaka kulinda aibu, kwa nini ulifuta boti, na aibu ukaipeleka kwa avoka?"

Leoni aliangalia viatu vyake.

Jaji akamgeukia Mama Mado na kusema naye kwa upole. Ningetaka maneno yale yaandikwe juu ya mlango wa kila tribinali. Alisema, "Mama, ungeomba tu. Maneno ya nyumba yako tungeyasikiliza katika chumba changu, mlango umefungwa, mimi na karani, na yasiyohusu boti tungeyaacha humo. Sheria inakuomba ushahidi. Haikuombi utembee uchi sokoni."

Hakuna aliyetuambia hayo mapema! Na mimi, niliyejiona najua sheria, nilimwambia kwamba sheria haichagui...

Je, mnadhani haki ilipatikana siku hiyo? Hapana. Tribinali haiwezi kusikiliza sauti isiyokuwapo. Mimi nilikuwa nimezisikia, lakini mimi ni baba. Mama Mado alikuwa amezisikia, lakini yeye ni mjane. Leoni alikuwa amezisikia, na Leoni akasema hakumbuki vizuri. Hukumu ilisema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha dhidi ya mwenye boti. Ripoti ikabaki kama ilivyo, na jina la mwanangu likabaki ndani yake.

Tukitoka, yule mama muuza ndagala alinisubiri kwenye ngazi. Hakuwa na hasira tena. Alinishika mkono na kusema, "Papa Shefu, sisi wote tumesikia mutoto wako hana kosa. Lakini karatasi yao haina masikio." Kisha akaenda zake, na mimi nikabaki na huruma yake mkononi, nisijue niiweke wapi.

Baadaye nilijua bei ya mdogo wangu. Mwenye boti alimwahidi uwakala wake kule Moba, na leo hii Leoni ameketi huko katika kibanda chenye kivuli, anauza tiketi za boti nyingine ya bwana yule yule. Ndiyo bei aliyotuuza kwayo.

Kabla ya kwenda huko, hata hivyo, alipata ujasiri wa kuitisha kikao cha ukoo. Hakuja kuomba msamaha! Alisema kwamba, baada ya yaliyosikika tribinalini, haifai mwanamke yule na mtoto wake waendelee kukaa katika nyumba ya familia. Siri aliyoiiba mwenyewe ndiyo aliyoifanya fimbo. Kile alichopaswa kukitunza alikifuta, na kile alichopaswa kukisahau alikitunza!

Nilisimama. Nilisema kwamba nyumba ni yangu, kwamba Mama Mado ni binti yangu na Mado ni mjukuu wangu, na kwamba asiyekubali atoke kwanza yeye. Wengine walinung'unika na kutoka. Nilidhani nimeshinda.

Lakini mwanamke hafukuzwi na kikao peke yake. Hufukuzwa na bomba la maji, ambapo wenzake hunyamaza akifika. Hufukuzwa na mtoto wake akirudi kutoka shuleni na kuuliza maana ya neno aliloitwa darasani. Asubuhi moja nilimkuta Mama Mado amefunga mizigo. Alikuwa anakwenda Ankoro, kwa kaka yake, ambako hakuna aliyekuwapo katika ukumbi ule.

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba nikiwa nimesimama barazani kwangu, mchana, watu wakipita, kwa sababu alidhalilishwa hadharani na hakustahili kuombwa msamaha mafichoni. Aliusikiliza mpaka mwisho.

"Papa, nimekusamehe," alisema. "Lakini we ulitaka mutoto wako apone, na mimi nilitaka wa mimi apone. Tungeongea sisi wawili tu, tungepata njia. Tuliacha mutu wa katikati aongee."

Mado alinikumbatia kiuno na kuuliza, "Babu, tutarudia wakati gani?" Nilimwambia wakati wa likizo. Lori likaondoka. Sasa napika mwenyewe, na nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi...

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi kwa jina la wafu wenu, msipite njia niliyopita mimi. Mjane wenu akikaa matangani, mwacheni na simu yake. Izimwe, iwekwe mkononi mwake, na mwenye kutaka kutoa pole aje kwa miguu. Mkiwa na kesi, msifute neno hata kama linawaaibisha, kwa maana aibu huisha na hukumu haiishi. Lakini pia msimlazimishe mtu kuyamwaga maisha yake yote mezani bila kumwuliza anaogopa nini. Nendeni kwa jaji mapema, mwombeni mlango ufungwe. Wekeni nakala mahali pa pili, yenye muhuri au isiyo na muhuri. Na mkwe wenu akiwauliza kwa sauti ndogo, "Hata ya ndani?", ketini chini mumsikilize, kwa maana hapo ndipo kesi inaposhindwa au kushinda.

Mimi nimekata rufaa. Nimewasilisha pia mashitaka ya kuharibiwa kwa ushahidi, nami naandika hapa ili mji wote uwe shahidi.

Kwa hiyo, mimi mstaafu wa Serikali, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, nadai yafuatayo. Nadai Leoni aitwe kutoka Moba, asimame mbele ya tribinali na kutamka, neno kwa neno, alichokisikia katika sauti zile mbili kabla ya kuzifuta, na aseme ni nani aliyemtuma. Nadai avoka wa mwenye boti aeleze mbele ya wenzake wa kazi ni kwa mkono gani aliipokea siri ya mwanamke ambayo hakuna sheria iliyomruhusu kuishika. Nadai mwenye boti akabiliane na familia za wote waliozama. Na nadai utawala uifungue tena ripoti yake, uliondoe jina la Ngoy mahali lilipowekwa, na unipe jibu kwa maandishi, lenye sahihi ya mtu atakayewajibika kwalo.